Ardis Aliyeshika Ngazi

Miaka tisa Ardis Haugstad alimshikia mumewe ngazi, na sikuwahi hata siku moja kumsikia akiambiwa asante. Nasema hivyo kwa sababu nimekaa jirani nao majira sita ya baridi. Wao namba 40, mimi namba 41, katikati yetu mwaloni mmoja na meza ya mbao. Mtanisamehe nikisema kwa ukali. Naitwa Wilda, mjane, naishi kwenye karavani yangu mwaka mzima hapa pwani ya Texas, na ninasafisha mabafu ya kambi ili nisilipe kiwanja. Mtu anayesafisha mabafu ya watu mia mbili hana muda wa kubembeleza maneno.

Ardis na Verlyn ni watu wa Dakota Kaskazini. Verlyn alilima ngano, Ardis alipika chakula cha shule miaka thelathini. Walipostaafu waliuza shamba na nyumba, wakanunua karavani ndefu ya kuvutwa na pikapu. "Miaka mitano tu," Verlyn alimwambia mkewe. "Tuizunguke nchi, kisha turudi tutafute kijumba Fargo, karibu na dada yako." Mitano ikawa saba, saba ikawa tisa. Kila Oktoba wanashuka kusini kuikimbia theluji, kila Aprili wanapanda tena. Habari ya kijumba ikawa haitajwi. Ardis akiitaja, Verlyn anainuka, anachukua kile kipimo chake, anatoka nje kupima upepo wa matairi. Sijaona matairi yaliyopimwa namna ile! Maongezi yakimbana tu, utamkuta amepiga magoti kwenye gurudumu.

Karavani yao ina droo tatu. Sisi wa barabarani tunaziita hivyo. Ni vipande vizima vya ukuta, na sakafu yake na paa lake, vinavyosukumwa nje na mota mkishaegesha, basi sebule na jiko vinapanuka mnapumua. Siku ya kuondoka unabonyeza kitufe, zinarudi ndani. Raha yake ndiyo hiyo. Karaha yake ni kwamba kila paa la droo linakusanya kila kinachodondoka kutoka juu, na mialoni yetu ya huku haina adabu. Haipukutishi majani wakati miti ya watu wengine inapopukutisha. Inangoja Machi, wiki zilezile watu wa kaskazini wanapofunga virago. Kwa hiyo kabla hujaingiza droo lazima mtu apande na ufagio. Asipopanda, majani na vijiti vinaingia nazo, vinachana mpira wa kuzuia maji, au droo inakwama kabisa.

Wengi siku hizi wanafunga maturubai ya droo. Droo ikitoka, turubai linajikunjua juu yake, ikiingia linajikunja, takataka zote chini, na hakuna wa kupanda popote. Verlyn hakuwa nayo. Kila mwaka watu wakimuuliza alijibu jambo moja: "Ya nini? Hii karavani tunakaribia kuiuza."

Maneno hayo Ardis aliyashikilia kama chakula. Asubuhi moja tukinywa kahawa mezani pale aliniambia, "Shoga, mradi hajafunga maturubai, najua moyoni mwake bado ana nia ya kuacha. Siku nitakayoyaona juu ya zile droo, nitajua nimeshazikwa humu."

"Si umwambie basi!"

"Nikimwambia anaenda kwenye matairi."

Shida ni kwamba Verlyn ana miaka sabini na sita na nyonga yake moja mbovu. Mwaka juzi aliteleza kwenye ngazi, akaangukia upande, akachechemea mpaka Juni. Mwaka jana aliponea chupuchupu, akashika ukingo wa paa, miguu inaning'inia, na Ardis chini anapiga kelele ameikumbatia ngazi tupu. Sasa fikirini mwanamke huyu alivyobanwa. Aombe maturubai, mume hatapanda tena, lakini yeye atazeeka akiviringishwa barabarani mpaka kiama. Asiombe, mwezi Machi mmoja atamwokota mtu wake kwenye majani. Miaka miwili alikaa na jambo hilo rohoni. Akapungua. Akaanza kusimama mlangoni mwa karavani mchana kutwa, haingii, hatoki.

Basi mwezi Machi mwaka huu ukafika. Kambini kwetu kila saa kumi jioni watu wanatoa viti vyao, kila mmoja na kinywaji chake na kibakuli cha kuchangia, tunakaa duara tunasemana. Siku hiyo Verlyn akasimama na bia yake.

"Jamani, nimemwita fundi Reynaldo. Kesho saa nne anakuja kupima. Nafunga maturubai, yote matatu."

Watu wakapiga makofi. Verlyn akamwekea mkewe mkono begani. "Bibi huyu hana raha nikiwa juu ya ngazi. Nimemwonea huruma. Sasa tutasafiri kwa amani mpaka tufike miaka tisini, au siyo, bibie?"

Na alisema kwa mapenzi, msidhani alikuwa na ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Nilimtazama Ardis. Alikuwa ameshika bakuli lake la saladi ya viazi, uso umemshuka.

Merle wa Iowa, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akadakia hapohapo. "Utajuta, mzee! Upepo ukivuma yanapigapiga, hutapata usingizi."

"Yakivutwa vizuri hayapigi."

"Na maji? Maji yanatuama juu, unaingiza droo, unaoga umevaa nguo!"

Wanaume wote wakaingia. Huyu kitambaa chepesi, yule kizito, huyu alikuwa nayo akayang'oa, yule angefunga hata juu ya mke wake. Saa nzima waligombania maturubai, na yule ambaye kwake habari ile ni ya kufa na kupona hakuna aliyemuuliza. Ardis aliweka bakuli mezani, akaingia ndani.

Fundi alikuwa amesema kwa simu atataka kuziona droo zikiwa ndani, apime nafasi ya kufungia vyuma. Basi asubuhi yake Verlyn akapanda mapema na ufagio. Akasafisha droo ya kwanza, akasafisha ya pili. Kabla hajaifikia ya jikoni, Merle huyo, na kiti chake na kahawa, ameota usiku hoja mpya kuhusu upepo. Verlyn akashuka kumjibu. Wakabishana nusu saa, na paa la tatu likasahauliwa.

Hapa niwaeleze desturi. Anayeingiza droo huita kwanza, "Naingiza!" na mwenzake, akiwa amesimama nje kwenye majani, anatazama juu na pembeni, akiona kweupe anajibu, "Ingiza!" Hapo ndipo kitufe kinapobonyezwa. Ardis na Verlyn wamefanya hivyo mara mamia, kitufe cha Verlyn, majani ya Ardis. Hajawahi kukosea.

Mimi nilikuwa mezani nabangua njugu. Nikasikia Verlyn anaita kutoka mlangoni, "Naingiza!"

"Ingiza!"

Nikainua kichwa. Sauti ile haikutoka nje. Ilitoka ndani, mbele, chumba cha kulala. Nikasimama na njugu zikamwagika, nikasema "We Verlyn!" lakini mota ilikuwa imeshaanza kuunguruma. Droo ya jikoni ikaingia, ikaingia, mara kraaa! upande mmoja ukasimama, mwingine ukaendelea kidogo, kisha kimya.

Tawi kavu la mwaloni, nene kama mkono wangu, lilikuwa limelala pale juu ndani ya majani. Limekokotwa na droo likakaba kwenye mdomo wa ukuta. Droo imekaa mshazari, haiendi mbele hairudi nyuma. Na friji, ambayo iko kwenye droo hiyo, imesimama sawasawa mbele ya mlango wa chumba cha kulala.

"Ardis!" Verlyn anapapatika. "Ardis, uko wapi?"

"Chumbani."

"Umefikaje chumbani? Si unatakiwa uwe nje?"

"Nakaa humu, Verlyn. Mwaka wa tisa huu."

Dirisha la chumba kile ni la dharura, linafunguka lote, lakini liko juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, na Ardis ana goti la chuma. Hakuna aliyethubutu kumwambia aruke. Na kambini kwetu ukifungua boksi la vifaa tu wanaume sita wanaota kutoka ardhini. Walikuja na viti. Mmoja anasema bonyeza tena, mwingine anasema ukibonyeza utaivunja, Merle anasema, "Ungekuwa na turubai yasingekukuta," na jana yake ndiye aliyeyapinga! Nilimwambia afunge domo lake kabla sijamfungia kwa ufagio wa bafuni.

Fundi Reynaldo akafika. Ni mtu mtulivu, mzaliwa wa hapahapa. Alitazama juu, akatazama chini ya karavani. "Hakuna kubonyeza," akasema. "Kwanza tawi litoke kwa juu. Halafu nitairudisha kwa mkono, taratibu. Nani anapanda?"

"Paa langu, napanda mimi," Verlyn akasema.

Akaangalia huku na huku. Nikajua anatafuta nini. Anatafuta Ardis wa kumshikia. Nikaenda nikaishika mimi, naye akapanda, ngazi inatetemeka mikononi mwangu. Hapo nikajua mwenzangu alikuwa anabeba nini kila Machi.

Akafika juu, akapiga magoti, akalichezesha tawi mpaka likatoka, akalitupa chini. Akafagia majani. Jasho linamtoka. Juu ya kitanda chao kuna kidirisha cha paa cha kuingizia hewa, kilikuwa wazi, na kutoka humo tukasikia sauti ya Ardis, tulivu kabisa.

"Verlyn, usishuke kwanza. Nataka kusema na wewe."

"Tutasema ukitoka, bibie. Ngoja nishuke niangalie matairi, naona kama karavani imeegemea upande mmoja."

Jamani, matairi! Nikaitoa ngazi ukutani, nikaenda nayo mpaka kwenye mwaloni, nikaisimamisha pale na kuiegemea mimi mwenyewe.

"Wilda! Lete ngazi."

"Siileti, shemeji."

"Wilda, hii si mchezo."

"Nani anacheza? Mkeo anakuita. Msikilize."

Wanaume wakacheka. Kisha wakaona sicheki, wakaacha. Reynaldo akakaa juu ya boksi lake la vifaa, akafungua chakula chake akaanza kula, macho chini, kama mtu mwenye heshima zake.

Verlyn alisimama juu pale amekosa pa kwenda. Hatua tatu huku, mwisho wa paa. Hatua tatu kule, mwisho wa paa. Mwishowe akarudi, akapiga magoti kwenye kile kidirisha, akatazama chini. Ardis lazima alikuwa amelala kitandani akimtazama juu.

"Haya. Sema."

"Sitaki maturubai."

"Si wewe unayeogopa nianguke?"

"Naogopa. Kila mwaka nakufa kidogo pale chini. Lakini ulisema unakaribia kuiuza, Verlyn. Nimekuwa nikihesabu kwa neno hilo. Kila mwaka ukiyakataa maturubai nilikuwa nasema, Mungu wangu, labda ni mwaka ujao. Nimechoka. Nimechoka kunawa uso nikigonga kiwiko ukutani. Nimechoka kuaga watu. Nataka mlango ambao ukitoka nje unakuta palepale ulipopaacha jana. Sina hewa humu, mume wangu. Sina hewa."

Verlyn aliweka ufagio chini. Nikaona mgongo wake unainama.

"Gaylen aliuza karavani yake Septemba," akasema. Gaylen ni kaka yake. "Pasaka tukamzika. Alikufia kwenye kiti, Ardis, anatazama barabara dirishani. Mimi nikisimama nitakufa."

"Gaylen alikuwa na moyo mbovu tangu ujana wake."

"Alikuwa mzima mpaka aliposimama."

"Na mimi je, nikiendelea kwenda?"

Mle kambini hata Merle alikuwa ametazama viatu vyake. Kisha Ardis akasema, "Basi yafunge. Mwambie Reynaldo apime yote matatu."

Verlyn akainua kichwa, uso umefunguka. "Kweli, bibie?"

"Kweli. Jumamosi naenda Fargo kwa dada, naenda kwa ndege, na sirudi. Hutakuwa na mtu wa kukushikia ngazi."

Nikaisogeza ngazi bila kuambiwa. Verlyn akashuka kidato kimoja kimoja, hakututazama, akapita, akaingia ndani ya pikapu akakaa. Reynaldo akalala chini ya karavani na spana yake, akaizungusha mota kwa mkono, droo ikarudi nje polepole. Ardis akatoka na mkoba wake begani, nywele amechana.

Siku ya pili nilimuuliza, "Ulipojibu 'Ingiza', ulijua uko wapi?"

Akafuta kikombe chake. "Kahawa yako inapoa, Wilda," akasema.

Jumamosi nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Verlyn alimbebea sanduku mpaka kwenye gari langu, akalipanga vizuri, akafunga mlango, akasimama. Ardis alimrekebishia kola ya shati. Waliagana hivyo, watu wa miaka hamsini na mbili ya ndoa. Njiani Ardis alilia mpaka tukafika, na mimi nikaendesha.

Maboksi ya maturubai yaliletwa wiki iliyofuata, matatu, marefu. Verlyn aliyapanga chini ya meza ya mbao. Reynaldo akapiga simu kuja kufunga, akaambiwa bado. Akapiga tena, bado. Watu wa kaskazini wakaanza kuondoka mmoja mmoja, Merle naye akaenda akipiga honi, na ilipofika katikati ya Aprili kambi ilikuwa tupu, mimi na Verlyn na majani. Saa kumi anatoa kiti chake, mimi natoa changu. Anakula supu ya kopo akiwa amesimama. Matairi hakuyagusa tena. Yule aliyekuwa akisema akisimama atakufa, amesimama, na kwenda hawezi. Mwanzoni nilisema moyoni, akome. Baadaye nilishindwa kumtazama.

Asubuhi moja akagonga mlango wangu. Ngazi anayo mkononi.

"Wilda, una dakika? Nishikie."

"Na maturubai?"

"We nishikie tu."

Nikashika. Alifagia mapaa yote matatu, hakuacha jani. Alichukua saa nzima. Aliposhuka alisimama mbele yangu, ufagio mkononi, ndipo akasema, "Asante."

"Neno hilo si langu, shemeji," nikamwambia. "Lipeleke Fargo."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda mlangoni akaita, "Naingiza!" Nikatazama juu, nikatazama pembeni, nikajibu.

Kesho yake nilipotoka kwenda kwenye mabafu, namba 40 ilikuwa tupu. Pale kwenye nyasi palibaki alama za magurudumu tu. Maboksi matatu yalikuwa mbele ya mlango wangu, na ngazi imeegemezwa kwenye mwaloni. Verlyn si mtu wa kusahau kitu. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wangu nikasikia wivu, tena mkali, siwafichi. Reynaldo alikuja akanifungia mawili kwenye droo zangu mbili, akayakata yanitoshe. Mimi ndiye sina wa kunishikia.

Mwezi Juni simu ikalia. Verlyn, kutoka Fargo.

"Wilda, nyumba ya dada yake Ardis ina mifereji ya paa imejaa majani tele, inatia aibu. Ile ngazi yangu bado unayo? Unaweza kunitumia?"

"Ngazi? Nimeitupa, shemeji."

"Umeitupa! Ngazi nzima ya alumini?"

"Nimeitupa," nikasema, na ngazi naiona palepale kwenye mwaloni.

Akaanza kunifokea, na nyuma yake nikamsikia Ardis anacheka mpaka anakohoa. Miaka sita ya ujirani, sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.